Briji: namna ya kuchagua dau na karata ya kwanza, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua tayari kugawa karata, kufuata jamii na kukata kwa turufu, lakini bado anapoteza. Nimeuandika kwa sababu mezani kwetu hapa Mbeya, na kwa wenzetu wa Iringa wanaotutembelea, makosa ni yaleyale kila Jumamosi. Mtu ananadi kwa hisia, halafu ikifika zamu yake ya kutanguliza anachomoa karata iliyo karibu na kidole gumba.

Watu huyaona kama makosa mawili, mimi naona ni moja. Dau, yaani ahadi unayotoa kwenye mnada kabla ya karata kuchezwa, ni taarifa unayompa mwenzako wa jozi. Karata ya kwanza ni jibu la taarifa zote zilizosemwa mezani na watu wanne. Asiyesikiliza mnada hawezi kutanguliza vizuri, hata awe hodari wa kukumbuka kila karata iliyoanguka.

Vitu vya kuandaa

Pakiti mbili za karata zenye migongo ya rangi tofauti, ili moja ikigawiwa nyingine iwe inachanganywa. Nunua za plastiki kama unaweza. Kwa wenzetu wa Tukuyu, ambako mvua haina likizo, karata za karatasi huvimba na kugandana ndani ya wiki chache.

Meza yenye kitambaa, viti vinne, daftari na kalamu. Katakata vikaratasi vya kuandikia madau badala ya kuyatamka. Sauti husaliti: "shupaza moja" iliyosemwa kwa furaha na ile iliyosemwa kwa unyonge ni madau mawili, na hiyo ni hila hata kama hukukusudia.

Andaeni taa ya akiba, umeme ukikatika. Na kwa wale wa Makete na Njombe wanaocheza Juni na Julai: jiko la mkaa libaki nje. Chumba kilichofungwa madirisha pamoja na mkaa unaowaka huua watu, na hutasikia harufu ya kukuonya.

Maneno tutakayotumia

Shupaza ♠ na kopa ♥ ni jamii kuu. Uru ♦ na pau ♣ ni jamii ndogo. Kwenye mnada pau ndiyo ya chini, kisha uru, kopa, shupaza, na juu ya zote kuna bila turufu, ambayo nitaiandika BT. Ree ni A, mfalme K, malkia Q, jeki J. Kama umezoea ile michezo ya kijiweni ambamo saba inamla mfalme, isahau kabisa. Hapa saba ni saba tu.

Mzunguko ni karata nne, moja kutoka kwa kila mchezaji. Mkataba ni dau la mwisho la mnada: wa 1 maana yake ni mizunguko 7 (6 ya msingi na 1 ya kuahidi), wa 4 ni mizunguko 10. Bubu ni yule ambaye karata zake hulazwa mezani, na mwenzake ndiye mwenye mkataba.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya kufikiri

A ina pointi 4, K 3, Q 2, J 1. Pakiti nzima ina pointi 40, na namba hiyo ikae kichwani kwa sababu tutairudia wakati wa kutanguliza. Ukishapanga karata zako, hesabu pointi, kisha hesabu urefu wa kila jamii. Fanya hivyo kila mara, kwa mpangilio uleule, hata kama karata zako ni mbovu. Anayechukua muda mrefu akiwa na karata nzuri tu anawaambia wapinzani siri yake.

Kwa mkono ulio mpakani, jumlisha pointi na urefu wa jamii zako mbili ndefu. Ikifika 20, fungua mnada. Mfano:

♠ A K 8 6 3 ♥ 7 4 ♦ K J 5 ♣ 9 8 2

Pointi 11, urefu 5 na 3, jumla 19. Sema pasi. Sasa badilisha jeki wa uru awe malkia: pointi 12, jumla 20, fungua 1♠. Tofauti ni karata moja, lakini lazima mstari uchorwe mahali fulani na mwenzako ajue uko wapi.

Wauza viazi wa Uyole wataelewa nikisema onyo langu hapa ni lumbesa. Gunia limejazwa kupita mdomo wake, limeshonewa kilemba juu, na mnunuzi anaambiwa ni gunia moja. Dau la pointi 9 linalosemwa kama la 13 ni lumbesa kinyume chake: kilemba kipo, ndani hamna kitu, na anayelipa ni mwenzako.

Hatua ya 2: Kufungua mnada

Jiulize kwanza swali moja: mkono wangu umesawazika? Umesawazika kama hauna jamii tupu, hauna jamii ya karata moja, na una jamii ya karata mbili isiyozidi moja. Ukiwa hivyo na una pointi 15 hadi 17, fungua 1BT. Usianze kutafuta njia nyingine.

♠ K 7 ♥ A Q 6 ♦ K J 8 4 ♣ Q J 9 3

Pointi 16, umesawazika. Wengi mezani kwetu wangefungua uru "kwa sababu shupaza ni dhaifu". Hapana. 1BT inamwambia mwenzako umbo lako na pointi zako ndani ya wigo wa tatu, kwa pumzi moja. Hakuna dau lingine la chini linalosema mengi kiasi hicho.

Mkono usiofaa 1BT na wenye pointi 12 hadi 21 hufunguliwa kwa jamii. Ukiwa na kopa au shupaza 5 au zaidi, fungua hiyo. Ukiwa na zote mbili tano tano, anza na shupaza. Usipokuwa na jamii kuu ya karata 5, fungua jamii ndogo iliyo ndefu zaidi. Zikiwa nne nne sema uru, tatu tatu sema pau. Ndiyo, wakati mwingine utafungua pau ukiwa na karata tatu tu, na anayekucheka mwache acheke.

Mikono mikubwa: 2BT ni pointi 20 au 21 zilizosawazika. 2♣ ni pointi 22 na kuendelea, na mwenzako haruhusiwi kusema pasi. Mikono midogo yenye jamii ndefu: 2♦, 2♥ au 2♠ ni karata 6 nzuri na pointi 6 hadi 10, na ukiwa na karata 7 unaweza kuruka hadi 3. Lengo la madau hayo ni kuwaibia wapinzani nafasi ya kuzungumza.

Umefaulu kama mwenzako anaweza kusema wigo wa pointi zako na jamii yako ndefu bila kuona karata.

Hatua ya 3: Kumjibu mwenzako

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu hawajui wanakwenda wapi. Kwa hiyo tuanze na unakokwenda.

Kila mzunguko wa ahadi katika uru au pau una alama 20, kopa au shupaza 30. Bila turufu wa kwanza una 40, inayofuata 30. Mkataba wenye alama 100 au zaidi huleta zawadi ya 300, au 500 kama upande wenu uko hatarini (hali inayopangwa kabla ya kunadi, ambamo zawadi na adhabu huwa kubwa zaidi). Chini ya hapo zawadi ni 50 tu. Ndiyo maana tunalenga 3BT (mizunguko 9), 4♥ au 4♠ (mizunguko 10), na mara chache 5♦ au 5♣ (mizunguko 11). Pointi 25 kwa wote wawili kwa kawaida zinatosha 3BT au 4 ya jamii kuu. Mizunguko 11 ya jamii ndogo inataka pointi 28 au 29. Mizunguko 12 inataka kama 33, na yote 13 kama 37.

Kwa hiyo mwenzako akifungua 1♥ au 1♠ na wewe una karata 3 za jamii hiyo, mmeshapata turufu: 5 zake na 3 zako ni 8 kati ya 13. Kilichobaki ni kusema kiasi. Pointi 6 hadi 10, panda hadi 2. Pointi 11 au 12, panda hadi 3. Ukiwa na 13 na zaidi, hakikisheni mnafika 4. Chini ya 6, pasi.

♠ Q 7 4 ♥ 8 3 ♦ A 9 6 2 ♣ J 8 7 5

Mwenzako kafungua 1♠. Una pointi 7 na shupaza 3, basi 2♠. Shemeji yangu alipewa mkono wa namna hii akajibu 2♦ "ili kumwonyesha ree". Mwenzake akadhani ana pointi 10, wakaishia 4♠ na kuanguka kwa mizunguko miwili. Dau halionyeshi karata moja. Linaonyesha urefu na nguvu.

Kama hamjakutana kwenye jamii, taja jamii yako mpya. Ngazi ya 1 inataka pointi 6 na karata 4. Ngazi ya 2 inataka pointi 10 kwa sababu unampandisha mwenzako juu zaidi. Ukiwa na pointi 6 hadi 10 na huna pa kwenda katika ngazi ya 1, sema 1BT hata kama mkono haujasawazika. Ni dau la chakavu, lakini linahitajika.

Jamii mpya kutoka kwa mjibuji ni swali, na aliyefungua lazima aseme kitu. Nimeona watu wakimwacha mwenzao amelala kwenye 1♠ akiwa na pointi 15, kisha wanauliza kwa nini hawakufika 4.

Mwenzako akifungua 1BT, hesabu ni rahisi kuliko zote. Pointi 7 kushuka, hakuna njia ya kufika 25, pasi. Pointi 8 au 9, mwalike kwa 2BT. Pointi 10 na zaidi, sema 3BT bila kuzunguka. Ukiwa na kopa au shupaza 4 na pointi 8 au zaidi, uliza kwanza kwa 2♣, ile mbinu inayoitwa Stayman: mwenzako atataja jamii kuu ya karata 4 kama anayo, au atasema 2♦ kama hana. Mbinu nyingine ziacheni mpaka hii imekaa.

Hatua ya 4: Nani aamue, na mtasimama wapi

Katika kila jozi mmoja hujieleza na mwingine huamua. Aliyesema dau lenye kikomo, kama 1BT au 2♠ ya kupandisha, amekwisha kujieleza. Mwenzake ndiye nahodha. Anajumlisha pointi zake na wigo aliosikia, na jumla hiyo ndiyo inayosema mnada usimame au uende.

Aliyefungua kwa jamii naye ana ngazi zake katika dau la pili. Pointi 12 hadi 15 husema neno dogo: hurudia jamii yake au hukubali ya mwenzake kwa ngazi ya chini. Pointi 16 hadi 18 huruka ngazi moja. Pointi 19 na zaidi huhakikisha mkataba mkubwa unafikiwa.

Nahodha akishasema mwisho, heshimu. Mtu aliyefungua 1BT, akasikia mwenzake akisema pasi, hana ruhusa ya kuanza upya kwa sababu "pointi zangu 17 ni tamu". Mwenzake alizihesabu tayari.

Dereva anayejua mteremko wa Kitonga hupunguza gia kabla hajaanza kushuka. Akingoja katikati, breki ndizo zitakazoamua. Mnada nao hupanda tu na haurudi nyuma: ukishasema 3, 2 imekufa. Amua unakoishia kabla hujapandisha.

Hatua ya 5: Wapinzani wakianza wao

Dau la kuingilia linataka jamii nzuri ya karata 5 au zaidi na pointi kama 8 hadi 16. "Nzuri" ndilo neno zito hapa. Ukiingilia kwa ♥ J 8 6 4 2, mwenzako atatanguliza kopa kwa utiifu na kumpa mpinzani mzunguko wa bure. Jiulize: nataka mwenzangu atangulize jamii hii? Kama jibu ni hapana, pointi zako 10 zikae kimya.

Ukiwa na pointi 12 na zaidi, uchache katika jamii waliyofungua, na karata 3 au 4 katika jamii zilizobaki, sema dabo, neno ambalo kwa kawaida huzidisha alama za mkataba wa wapinzani. Hiyo ya mwanzoni mwa mnada haimaanishi "hawatafika". Inamwambia mwenzako achague jamii.

Hatua ya 6: Kabla hujagusa karata ya kwanza

Mnada umeisha. Anayetanguliza ni aliye kushoto kwa mwenye mkataba, na bubu bado hajaonekana. Weka karata yako kifudifudi kwanza. Ni desturi ya klabu kote duniani, na ina faida mbili: mwenzako anapata nafasi ya kuuliza maana ya madau, na kama kumbe si zamu yako, karata inarudi mkononi bila kisa.

Sasa hadithia mnada kimoyomoyo, dau kwa dau. Nani ana jamii ipi? Nani alipanda kwa nguvu na nani alisitasita? Jamii ipi haikutajwa kabisa? Kisha piga hesabu hii, ambayo ningefundisha peke yake kama ningepewa dakika tano tu: chukua 40, toa pointi za wapinzani kwa makadirio, toa zako. Kinachobaki ni cha mwenzako.

Wamefika 3BT kwa njia ya 1BT, 2BT, 3BT? Wana kama 25. Wewe una 4? Mwenzako ana kama 11, basi cheza mchezo wa kumsaidia. Wewe una 12? Mwenzako ana 3, usimtafute, jitegemee.

Mwalimu mmoja mstaafu wa mezani kwetu alikuwa na haraka ya ajabu. Siku moja nikamuuliza, "Mwalimu, hiyo ree ilikuwa na safari gani?" Akanijibu, "Mdogo wangu, niliogopa isije ikakatwa." Ree yake ilimla mpinzani karata mbili ndogo, na mfalme wa mpinzani akabaki bwana wa jamii nzima. Tangu hapo anaweka mikono chini ya meza mpaka amalize kuhadithia. Nawashauri wote mjaribu.

Hatua ya 7: Kutanguliza dhidi ya bila turufu

Bila turufu ni mbio. Wao wanatafuta mizunguko 9, nyinyi 5. Karata ndogo za jamii ndefu huwa kubwa pale wengine wanapoishiwa, kwa hiyo anza na jamii yako ndefu mapema, ukiwa bado na karata kubwa ya kukurudisha ndani.

Ukiwa na mfuatano wa karata tatu kubwa, tanguliza ya juu: K kutoka K Q J, Q kutoka Q J 10, J kutoka J 10 9. Mfuatano wenye pengo dogo mwishoni, kama K Q 10 au Q J 9, nao unatosha. Usipokuwa na mfuatano, tanguliza karata ya nne kutoka juu.

♠ Q 10 7 5 2 ♥ K 4 ♦ 9 6 3 ♣ J 8 4

Viti vinne huitwa kwa pande za dira, na Kusini na Kaskazini ni jozi. Kusini kafungua 1BT, Kaskazini kasema 3BT, pasi tatu. Wewe ni Magharibi. Hesabu shupaza kutoka juu: Q, 10, 7, 5. Tanguliza ♠ 5.

Kwa nini ya nne? Kwa sababu mwenzako anaweza kutoa namba hiyo kutoka 11 na kujua karata ngapi kubwa kuliko yako ziko katika mikono mitatu iliyobaki. 11 toa 5 ni 6. Bubu analaza ♠ A 6 3, mbili zinazidi 5. Mwenzako ana ♠ K 9 8, tatu. Basi mwenye mkataba ana moja tu. Bubu akicheza 3, mwenzako anaweka K, anakula, kisha anarudisha 9. Jeki wa Kusini anatoka, malkia wako anamfunika, ree ya bubu inalazimika kutumika. Mkononi umebaki na 10, 7 na 2, zote hai. Ukiingia na ♥ K kabla hawajafikisha mizunguko 9, mna mizunguko 5 na mkataba umevunjika.

Sasa shika karata zilezile ila badilisha mnada: Kusini 1♠, Kaskazini 2♦, Kusini 2BT, Kaskazini 3BT. Shupaza zako tano ghafla si mali. Kusini ameahidi tano zake, na ukitanguliza hapo unamchimbia kisima. Uru imetajwa na bubu. Zimebaki kopa na pau, na mwenzako lazima ana kitu huko. ♥ K ina hatari ya kuuza mzunguko wako wa hakika, kwa hiyo ♣ 4. Mkono ni uleule na jibu limegeuka. Ukielewa mfano huu mmoja, umeelewa nusu ya mwongozo.

Mwenzako akiwa ametaja jamii, tanguliza hiyo isipokuwa una sababu nzito sana. Ukiwa na mbili, anza na kubwa: 9 kutoka 9 4. Ukiwa na tatu zenye picha, anza na ndogo: 3 kutoka K 7 3. Hata ukikosea, amani ya jozi inabaki.

Hatua ya 8: Kutanguliza dhidi ya turufu

Hapa jamii ndefu haina nguvu ileile, maana mzunguko wa pili au wa tatu unaweza kukatwa. Unatafuta usalama, au mizunguko ya haraka.

Mfuatano wa mbili unatosha sasa: K kutoka K Q, Q kutoka Q J. Kuwa na A na K pamoja ni zawadi, kwa sababu unakula na kumwona bubu kabla ya kuamua.

♠ A 8 6 3 ♥ 7 5 2 ♦ Q J 4 ♣ 9 7 6

Mnada: 1♥, 2♥, 4♥. Tanguliza ♦ Q. ♠ A peke yake usiitoe: kazi ya ree ni kumla mfalme au malkia, na ukiitanguliza italetewa karata ndogo. Na ♠ 3 ndilo kosa kubwa zaidi. Ukicheza ndogo chini ya ree dhidi ya turufu, mwenye mkataba anaweza kula kwa mfalme aliye peke yake, na ree yako ikakatwa mzunguko unaofuata. Sheria nyingi katika mwongozo huu zina vighairi. Hii kwa mwanafunzi haina.

Kutanguliza karata moja pekee uliyo nayo ya jamii fulani huwapendeza wote, kwa sababu ya ndoto ya kukata. Ni nzuri ukiwa na turufu ndogo za ziada, hasa A na mbili ndogo, na hesabu ya 40 ikionyesha mwenzako ana kitu cha kumwingiza. Ni mbaya ukiwa na pointi nyingi wewe mwenyewe, maana mwenzako hatapata nafasi ya kukurudishia. Ni mbaya pia turufu zako zikiwa Q J 10, maana zingekula mzunguko hata bila kukata. Na ukiwa na turufu 4, mara nyingi ni bora kutanguliza jamii yako ndefu ili mwenye mkataba akate mpaka aishiwe turufu kabla yako.

Turufu yenyewe itangulizwe lini? Ukisikia bubu atakata.

♠ K Q 9 4 ♥ 8 6 3 ♦ A J 5 ♣ 10 7 2

Mnada: Kusini 1♠, Kaskazini 1BT, Kusini 2♥, wote pasi. Kaskazini amechagua kopa badala ya shupaza, kwa hiyo shupaza zake ni chache. Kusini atataka kukata shupaza zake mbovu kwa turufu za bubu, na wewe ndiye mwenye shupaza kali nyuma yake. ♠ K inavutia macho, lakini tanguliza ♥ 3. Kila turufu unayoing'oa kwa bubu ni shupaza moja zaidi utakayoila baadaye. Ukipata nafasi, rudia.

Jamii ya mwenzako hapa pia ndiyo chaguo la kwanza, na tofauti ni moja tu: ukiwa na ree ndani yake, kama A 7 3, tanguliza ree.

Hatua ya 9: Zoezi la nusu saa

Gawa karata, nadini, mtangulizaji aweke karata yake kifudifudi. Msicheze. Kila mmoja aandike kwenye daftari anachodhani wengine watatu wanacho: pointi na jamii ndefu. Kisha laza mikono yote minne.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, makisio ya pointi yalikosea kwa zaidi ya 3? Kama ndiyo, mtu mmoja alisema dau la lumbesa, na mkono uko wazi mezani, mtamwona. Pili, mtangulizaji aeleze sababu yake kwa sentensi moja inayotaja mnada. "Nilitanguliza pau kwa sababu shupaza na uru zilitajwa" ni sababu. "Niliona tu" si sababu, hata kama karata ilifaulu.

Na itatokea kwamba karata sahihi imeshindwa, kwa sababu mfalme alikaa upande mbaya. Iandikeni sahihi. Mezani kwetu tuna safu mbili kwenye daftari, moja ya matokeo na moja ya sababu. Mama mwenye duka la pembejeo Mwanjelwa, ambaye huchelewa kila wiki, husoma safu ya pili tu anapofika.

Gawa mara nane kwa kikao, mkizungusha mgawaji, ili kila mtu afungue na ajibu. Mkifika mara ya nne badilisheni viti, maana asiyewahi kukaa kushoto kwa mwenye mkataba jioni nzima ameondoka bila kujifunza nusu ya pili.